Unanunua godoro Tukuyu? Usiangalie maua ya kitambaa, lipandishe kwenye mizani

Kwa Wanyakyusa, salamu ya asubuhi ni swali kuhusu usingizi. "Ugonile?" Yaani, umelala? Jibu la wengi ni kwamba wamelala salama. Lakini kuna wanaoamka na kiuno kinachouma, shingo iliyokaza, au pua iliyoziba kwa sababu godoro linanuka ukungu.

Kwa mkazi wa Tukuyu na wilaya nzima ya Rungwe, godoro linaonja mambo mawili kwa wakati mmoja. Usiku linabeba mwili uliochoka kwa kuchuma chai, kubeba mikungu ya ndizi au kuendesha bodaboda. Mwaka mzima linapambana na unyevu wa moja ya maeneo yenye mvua nyingi zaidi Tanzania. Godoro linaloweza kudumu miaka kadhaa Dodoma linaweza kuchoka mapema sana hapa, hasa likiwekwa chini kwenye sakafu ya saruji.

Na godoro siyo kitu cha kununua kila mwaka. Wengi wanadunduliza hela ya msimu wa parachichi au ya mchezo wa upatu ndipo wanaingia dukani. Ukikosea, hela imekwenda na mgongo unaendelea kulipa.

Kwa ufupi

- Unene siyo ubora. Sponji ya inchi 8 iliyo nyepesi huchoka kabla ya sponji nzito ya inchi 6.
- Pima uzito wa godoro. Ndiyo njia rahisi ya kujua densiti yake.
- Ugumu wa wastani unawafaa watu wengi, hata wenye maumivu ya mgongo.
- Tukuyu, usiweke godoro sakafuni. Liweke kwenye chaga zinazopitisha hewa.
- Toa nailoni ya dukani kabla ya kulalia.
- Usikaushe godoro kwa jiko la mkaa ndani ya chumba.

Kwa nini Rungwe ni tofauti

Mji wa Tukuyu uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kusini mwa Mlima Rungwe. Upepo wenye unyevu unatoka upande wa Ziwa Nyasa, unapanda milima, unapoa na kuangusha mvua. Ndiyo maana eneo hili hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na migomba, chai na parachichi vinastawi bila shida.

Kinachostawisha mgomba ndicho kinachoharibu godoro. Mtu akilala, mwili hutoa joto na jasho usiku kucha. Unyevu huo unashuka ndani ya sponji. Ukikuta chini kuna sakafu ya baridi, unageuka maji, kama vile kifuniko cha sufuria kinavyotoa matone. Baada ya wiki chache ukigeuza godoro unakuta madoa meusi au ya kijani. Ukungu wa nje umehamia chumbani.

Madhara yake siyo harufu tu. Ukungu na wadudu wadogo mno wa vumbi, wasioonekana kwa macho, wanapenda sehemu zenye unyevu. Kwa mtu mwenye pumu au mzio, hao wanaweza kuamsha kikohozi, chafya na kifua kubana, hasa usiku.

Wilaya yenyewe nayo haifanani. Isongole na maeneo ya juu karibu na mlima ni baridi kali, hasa Juni na Julai. Ukishuka kuelekea Masoko joto linaongezeka, na ukifika Kyela kwenye ufukwe wa ziwa hali ni ya joto kabisa. Kwa hiyo godoro analosifia ndugu yako wa Kyela siyo lazima likufae wewe uliyeko Kiwira.

Aina za magodoro utakazokutana nazo

*Sponji ya kawaida.* Ndiyo inayojaza maduka mengi. Kitaalamu ni poliyurethani, yaani kemikali mbili zinazochanganywa na maji kidogo, zikafura kama unga wa maandazi na kuacha vitundu vya hewa. Ni nyepesi, rahisi kubeba na bei yake inafikika. Tatizo lake ni kwamba nyingine zina hewa nyingi na malighafi kidogo. Hizo ndizo zinazobonyea katikati na kutengeneza shimo.

*Sponji nzito.* Wauzaji huita "hai densiti". Ni poliyurethani ileile, ila malighafi ni nyingi kwa ujazo uleule. Hudumu zaidi na hushikilia mwili vizuri. Shida ni kwamba jina hilo linaandikwa hata kwenye magodoro yasiyostahili, na hapo ndipo mizani inapofanya kazi.

*Sponji ya vipande vilivyobanwa.* Mabaki ya sponji ya kiwandani husagwa, hupakwa gundi na kubanwa pamoja. Ukifungua zipu utaona rangi mchanganyiko. Ni nzito na ngumu sana. Inafaa kama tabaka la chini, au kwa mtu anayependa kulala pagumu. Kwa mtu mwembamba anayelala ubavu, inaumiza bega na nyonga.

*Springi.* Ndani kuna waya zilizosokotwa, juu kuna tabaka la sponji na kitambaa. Faida yake kubwa ni hewa: katikati kuna nafasi, hivyo joto na unyevu vinatoka kirahisi. Ila kwenye unyevu mwingi waya hafifu zinaweza kushika kutu na kuanza kulia. Ni zito, na halikunjwi. Kulipandisha kwenye boda kwenda Mwakaleli ni mtihani. Magodoro yenye springi zilizofungwa kila moja kwenye mfuko wake ni bora kwa wanandoa, kwa sababu mmoja akigeuka mwingine hatikiswi sana.

*Memori fomu.* Ni sponji inayobonyea taratibu kufuata umbo la mwili na kurudi taratibu. Watu wenye maumivu ya viungo huipenda. Lakini hushika joto, na kwenye baridi huwa ngumu zaidi mpaka mwili uipashe moto. Kwa asubuhi za Julai za Tukuyu, usishangae ukilalia kitu kama ubao kwa dakika za mwanzo.

*Mpira wa asili.* Hutengenezwa kwa utomvu wa mpira. Hudumu, hunesa vizuri na una hewa, ila ni ghali na mzito.

*Pamba na sufi.* Kabla ya sponji kuenea, magodoro ya kujaza pamba, sufi au majani makavu yalikuwa ya kawaida nchini. Pamba hupitisha hewa vizuri, lakini hunyonya maji, hukauka polepole na hujikusanya mabonge. Kwa mvua za Rungwe inahitaji kuanikwa mara kwa mara na kuchambuliwa upya.

Mizani haidanganyi

Ubora wa sponji unapimwa kwanza kwa densiti, yaani kilo ngapi za sponji ziko ndani ya mita moja ya ujazo. Kwa makadirio ya kawaida, sponji ya chini ya kilo 20 ni nyepesi, inafaa kwa matumizi ya muda mfupi au mgeni wa mara mojamoja. Kati ya 20 na 28 ni ya wastani. Kuanzia 30 kwenda juu ni nzito na inafaa kulaliwa kila siku na mtu mzima.

Dukani namba hiyo mara nyingi haipo. Lakini Rungwe siyo mahali pa kukosa mizani. Majani ya chai yanapimwa, parachichi zinapimwa, viazi vinapimwa. Godoro nalo linapimika: likunje, lifunge kamba, lining'inize.

Huu ndiyo uzito unaotarajiwa kwa godoro la sponji la inchi 6, bila kitambaa:

- Futi 2.5 kwa 6: densiti 20 ni kilo 4.2, densiti 25 ni kilo 5.3, densiti 30 ni kilo 6.4.
- Futi 4 kwa 6: densiti 20 ni kilo 6.8, densiti 25 ni kilo 8.5, densiti 30 ni kilo 10.2.
- Futi 5 kwa 6: densiti 20 ni kilo 8.5, densiti 25 ni kilo 10.6, densiti 30 ni kilo 12.7.
- Futi 6 kwa 6: densiti 20 ni kilo 10.2, densiti 25 ni kilo 12.7, densiti 30 ni kilo 15.3.

Kwa inchi 8, ongeza theluthi moja ya uzito huo. Mfano, tano kwa sita ya inchi 8 yenye densiti 30 inakaribia kilo 17. Kitambaa na zipu vinaongeza kidogo, kwa kawaida kati ya nusu kilo na kilo moja, kwa hiyo vitoe kwenye hesabu.

Sasa tuseme umeonyeshwa tano kwa sita ya inchi 8, kitambaa kizuri cha maua, na muuzaji anaapa kuwa ni hai densiti. Mizani ikisoma kilo 11, ujue unanunua hewa. Jirani yake la inchi 6 lenye kilo 13 ni godoro bora zaidi hata kama linaonekana jembamba.

Kuna angalizo moja. Baadhi ya watengenezaji huongeza unga wa chokaa kwenye sponji ili iwe nzito. Kwa hiyo usiishie kwenye mizani. Fungua zipu, bonyeza sponji kwa ngumi kwa sekunde chache, kisha achia. Sponji nzuri inarudi haraka na haiachi alama. Ikiacha shimo, ikitoa unga, au ikimomonyoka ukiikwangua kwa kidole, achana nayo. Kama godoro halina zipu, omba kuona kipande cha sponji yake. Muuzaji anayejiamini hatakasirika.

Na tembea na tepu ya fundi. Inchi 6 za mdomoni wakati mwingine ni inchi 5 na kitu kwenye tepu.

Ugumu na uzito ni vitu viwili

Wengi wanachanganya hapa. Densiti inakwambia godoro litadumu kiasi gani. Ugumu unakwambia utajisikiaje ukilala. Sponji inaweza kuwa nzito lakini laini, na nyingine ikawa nyepesi lakini ngumu siku ya kwanza, kisha ikalegea baada ya miezi michache. Ndiyo maana kubonyeza kwa mkono tu dukani kunadanganya.

Mgongo unataka nini?

Imani ya mtaani ni kwamba anayeumwa mgongo alale chini au kwenye ubao. Utafiti haukubaliani moja kwa moja na hilo. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Hispania kwa watu wazima 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya mgongo wa chini. Nusu walipewa magodoro magumu, nusu ya ugumu wa kati. Baada ya siku 90, waliolalia ugumu wa kati walikuwa na nafuu zaidi.

Sababu inaeleweka. Uti wa mgongo una mikunjo yake ya asili. Godoro gumu kupita kiasi linaacha kiuno kikining'inia hewani na kubana mabega na nyonga. Laini kupita kiasi linaacha nyonga zizame, mgongo unapinda kama machela. Linalofaa linapokea sehemu nzito za mwili na kujaza sehemu zenye uwazi.

Mwongozo wa haraka kwa mlalo wako:

- Unalala ubavu: laini kiasi hadi wastani, ili bega na nyonga vipate nafasi ya kuzama.
- Unalala chali: wastani hadi gumu kiasi.
- Unalala kifudifudi: gumu kiasi, na mto mwembamba, ili kiuno kisizame.
- Uzito mkubwa wa mwili: chagua sponji nzito na unene wa inchi 8 au zaidi.
- Mwili mdogo: godoro gumu sana litakuumiza. Wastani linatosha.

Wanandoa wenye uzito unaotofautiana sana watazame densiti kwanza. Sponji nyepesi hutengeneza bonde upande wa mzito, na mwenzake anaishia kuteleza humo usiku kucha.

Lakini godoro siyo dawa ya kila mgongo. Ukipata maumivu pamoja na ganzi au udhaifu wa miguu, kushindwa kuzuia haja, homa, kupungua uzito bila sababu, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka, usitafute godoro jipya. Nenda hospitali, iwe Makandana, Igogwe au iliyo karibu nawe. Kushindwa kuzuia haja na miguu kuisha nguvu ni dharura, usisubiri kesho.

Jaribu dukani bila aibu

Watu wengi hununua godoro kwa kulibonyeza mara mbili na kuuliza bei ya mwisho. Kiatu tu unakivaa kabla ya kulipa, godoro je?

Omba litandikwe kwenye kitanda au sehemu safi tambarare. Vua viatu na koti. Lala kwa mlalo wako wa kila siku kwa dakika 10 hivi. Ukiwa chali, pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita kwa urahisi na uwazi unabaki, ni gumu mno kwako. Kikigoma kabisa kupita na unajihisi umezama, ni laini mno. Kikipita kwa kubanwa kidogo, hapo pazuri.

Kisha kaa ukingoni. Ukihisi chaga au ubao wa kitanda, sponji ni hafifu. Kama mnalala wawili, nendeni wawili.

Ukubwa na unene

Pima kitanda ndani ya fremu kabla hujatoka nyumbani. Vitanda vya mafundi wa mtaani vinaweza kuzidi au kupungua inchi moja au mbili. Godoro lililosukumiwa kwa nguvu linapanda katikati, na lililopungua linaacha mwanya unaoweza kumnasa mtoto mchanga.

Futi 6 ni sentimita 183. Ikiwa urefu wako unakaribia hapo, muulize muuzaji godoro refu zaidi na umwambie fundi mapema kabla hajakata mbao.

Kuhusu unene, inchi 4 ni kwa mtoto au dharura. Inchi 6 yenye sponji nzito inamtosha mtu wa kawaida. Inchi 8 inafaa wawili au mtu mwenye mwili mkubwa. Kuanzia inchi 10 unalipia starehe zaidi, na kumbuka shuka lazima ziwe pana.

Kitanda ni nusu ya godoro

Godoro zuri juu ya chaga mbovu ni hela iliyopotea. Rungwe haina shida ya mbao: paina na mikaratusi ipo. Shida ni mbao mbichi. Chaga isiyokauka hupinda, na yenyewe huleta unyevu na ukungu chini ya godoro.

Mwambie fundi atumie mbao zilizokauka, zilizopigwa randa, na aache nafasi isiyozidi inchi 3 kati ya chaga na chaga. Nafasi kubwa inafanya sponji izame kati ya mbao. Ukiziba kabisa kwa plaibodi bila matundu, hewa haipiti. Kwa kitanda cha tano kwa sita au sita kwa sita, dai mguu wa katikati.

Kwa anayeanza maisha kwenye chumba cha kupanga na hana kitanda bado, tafuta hata paleti mbili za mbao. Geto lenye godoro sakafuni ni la haraka, ila ukungu nao una haraka. Kama huna namna kabisa, lisimamishe ukutani kila asubuhi, sehemu iliyolala sakafuni ielekee dirishani.

Watoto, wajawazito na wanafunzi

Mtoto mchanga anatakiwa alale chali kwenye godoro gumu kiasi, tambarare, lisilo na mito wala mablanketi mazito karibu na uso. Godoro laini ni hatari kwake kwa sababu uso unaweza kuzama akakosa hewa. Kwa baridi ya Tukuyu, mvalishe nguo za kutosha badala ya kumfunika rundo la mablanketi.

Mjamzito hulala ubavu zaidi, hivyo ugumu wa wastani na mto kati ya magoti humsaidia. Mzee anahitaji godoro lenye kingo imara na kitanda kisicho kirefu wala kifupi sana, ili akikaa miguu ifike chini na kuinuka kusiwe kazi.

Mwanafunzi wa bweni kwa kawaida hupeleka mbili na nusu kwa sita. Soma fomu ya kujiunga kwanza. Hapa wazazi wengi hununua lile la bei ya chini kabisa, ila mtoto atalilalia miaka minne au zaidi. Kilo mbili za sponji zilizoongezeka leo zinaweza kukuokoa na safari ya kununua jingine akiwa kidato cha tatu. Chora jina lake kwa kalamu isiyofutika kwenye sponji yenyewe, siyo kwenye kitambaa tu.

Godoro lililotumika

Bei yake huvutia, ila kagua mishono, pembe na chini ya zipu. Vidoti vyeusi kama wino, maganda ya kahawia au harufu tamu isiyo ya kawaida ni dalili za kunguni. Kunguni wakishaingia nyumbani, kuwatoa ni gharama kuliko bei uliyookoa. Madoa ya ukungu ndani ya sponji nayo hayatoki kwa kuosha. Liache.

TBS, risiti na haki zako

Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, pamoja na jina la mtengenezaji, vipimo na tarehe kwenye lebo. Godoro lisilo na jina la mtu aliyelitengeneza halina wa kumlalamikia.

Dai risiti ya EFD. Ni haki yako, na ndiyo ushahidi wako. Kama kuna waranti, isome: nyingi hufidia sponji iliyobonyea kupita kiwango fulani, siyo godoro lililolowa, lililotoboka au lililowekwa juu ya kitanda kibovu. Piga picha ya lebo na risiti siku hiyohiyo, maana karatasi ya risiti hufifia.

Ukiuziwa godoro bandia, anza kwa muuzaji ukiwa na risiti. Ikishindikana, malalamiko ya bidhaa bandia yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Yanayohusu ubora chini ya kiwango peleka TBS.

Namna ya kulitunza msimu wa mvua

*Toa nailoni.* Wapo wanaoiacha ili godoro libaki jipya. Nailoni inazuia jasho lisitoke, na unyevu unabaki ndani. Kama una mtoto anayekojoa kitandani, tumia kava lisilopitisha maji linalovuliwa na kufuliwa, siyo nailoni ya dukani.

*Usitandike mapema.* Asubuhi kunjua blanketi, fungua dirisha, acha godoro lipumue nusu saa kabla ya kutandika.

*Geuza.* Kila baada ya miezi mitatu, kichwani pawe miguuni. Kama pande zote mbili zinafanana, geuza pia juu kuwa chini.

*Anika kwa akili.* Jua likitoka, litoe nje lipate hewa, ila usiliache sponji tupu likaungua siku nzima. Jua kali hufanya sponji iwe njano na kumomonyoka. Kivuli chenye upepo kinatosha.

*Mkojo au chai ikimwagika.* Kandamiza kwa kitambaa kikavu mpaka kinyonye, futa kwa maji kidogo yenye sabuni, kisha lisimamishe mpaka likauke kabisa. Usililoweke. Sponji nene iliyolowa kwa mvua za Aprili inaweza isikauke kwa siku nyingi.

*Wakati wa kulisafirisha,* kutoka stendi mpaka nyumbani, lifunge vizuri kwa nailoni. Mvua ya Tukuyu haipigi hodi. Ukifika, fungua haraka.

Onyo: jiko la mkaa

Msimu wa baridi kuna wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, kupasha moto au kukausha godoro. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua watu wakiwa usingizini. Sponji nayo inashika moto haraka na moshi wake una sumu kali. Jiko, mshumaa na sigara vikae mbali na kitanda. Hakuna godoro lenye thamani ya uhai wa familia.

Lini ubadilishe?

Usihesabu miaka tu. Badilisha ukiona bonde lisilorudi hata baada ya kuligeuza, ukihisi chaga mgongoni, ukungu umeingia ndani ya sponji, au ukilala vizuri zaidi ukienda ugenini kuliko kitandani kwako. Kama unaamka na maumivu yanayoisha ndani ya saa moja baada ya kuanza kutembea, godoro ni mshukiwa wa kwanza.

Kama hela ya jipya haijapatikana, kagua chaga kwanza. Wakati mwingine chaga moja iliyovunjika ndiyo inayolaumiwa kwa jina la godoro.

Orodha ya kwenda nayo dukani

1. Vipimo vya kitanda, vilivyopimwa ndani ya fremu.
2. Tepu ya kupimia unene.
3. Uzito unaotarajia kwenye mizani, kwa densiti unayoitaka.
4. Mtu mtakayelala naye, kama yupo.
5. Dakika 10 za kulala kwenye godoro.
6. Nailoni na kamba za kulifungia likisafiri.

Save ukurasa huu kwenye simu yako, na mtumie anayehamia chumba kipya au anayempeleka mtoto bweni mwaka huu.